Mkungu wa Lazima

Kutoa si moyo. Wanaosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hawajawahi kushinda na njaa katika kijiji chenye watu wa moyo. Mimi nawajua watu wa moyo. Baba yangu ndiye wa kwanza wao, na ni nyumbani kwake nilikojifunza kwamba moyo huchagua, na anayechagua lazima kuna anayemruka.

Mwaka ule redio ilikuwa ikitangaza habari za vyama vingi asubuhi na jioni, na kijijini kwetu, huku juu Muleba, tulikuwa tukizika. Vita vya Amini vilikuwa vimepita na kutuachia majeraha yake, kisha ukaja ule ugonjwa tuliouita Juliana kabla hatujazoea kuuita Ukimwi. Nyumba nyingine zilibaki na watoto watupu. Migomba yao ilianguka na mikungu yake kwa kukosa mtu mzima wa kuiegemeza nguzo.

Mtoto aliyekuwa na ukoo alikuwa na pa kwenda. Angechukuliwa na baba mdogo, au na bibi, na baba yangu, Apolinary Rutashobya, angepeleka ndizi huko bila kuombwa. Kila Jumapili baada ya misa aliwakusanya yatima uani kwetu na kuwalisha mpaka matumbo yakang'ara. Sikatai. Nilikuwa nikipakua mimi.

Lakini kulikuwa na watoto wa Klaudia. Klaudia alikuwa jirani yetu, mwanamke mcheshi, mwepesi wa miguu. Alikwenda kisiwani Goziba kununua samaki, akakaa huko, akazaa na mvuvi wa Kisukuma aliyeitwa Shilogile. Shilogile akafa kwanza. Klaudia akarudi kufia kwenye kibanda alichozaliwa, akiwa na watoto wawili, Limi na mdogo wake Masalu. Hawakujua Kihaya. Hawakujua kwamba kwetu mtoto huamkia mkubwa kwa kupiga magoti. Mjomba wao aliyerithi kibanja, ile migomba na kahawa ya ukoo, alisema mtoto wa binti ana kwao, na kwao ni Usukumani. Usukumani wapi, kwa nani, hakuna aliyejua.

"Tata," nilimwambia baba Jumapili moja, "wale wa Klaudia mbona huwaiti?"

"Wanaokuja kwangu huniamkia. Wale wa Goziba wamesimama pale barabarani kama nguzo za simu."

"Na njaa yao imesimama vilevile."

Akacheka. Baba alipenda kucheka nami siku zile. "Nshomile wangu, msomi wangu! Hicho chuo kimekufundisha kazi au kimekufundisha kujibu?"

Kilinifundisha kazi. Nilikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii, na wenzangu walipong'ang'ania kupangiwa Bukoba mjini, wapange vyumba Rwamishenye, mimi niliomba kata ya kwetu. Nikarudi kulala katika chumba nilichokulia, karibu na kitanda cha bibi yangu Paskazia, mama mzazi wa baba. Wanakijiji wakanichagua katibu wa kamati ya yatima kwa kuwa, walisema, nina mdomo.

Mdomo niliutumia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nilipendekeza kila nyumba ilete mkungu mmoja wa ndizi kila mwezi, kwa ajili ya mtoto yeyote asiye na mtu, awe na ukoo asiwe na ukoo, awe anajua kuamkia au hajui. Chakula kipikwe uani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Kagaruki, kwa sababu ua wake ni mpana na maji yako karibu.

"Na asiyeleta?" aliuliza mtu.

Nilikuwa nimeshalifikiria hilo. Watu wetu hawaogopi faini. Watalia shida mpaka afisa aone haya. Hawaogopi polisi, polisi yuko mbali. Wanaogopa kitu kimoja, kufa bila watu. Kwetu mtu akifa, majembe yote husimama. Hakuna anayelima wakati maiti iko ndani kwa jirani. Watu huja na kuni, na nyasi za kutandika, na mikono ya kuchimba, na huo si ukarimu, ni deni la kila aliye hai. Asiyekwenda misibani kwa wenzake, hawaendi kwake.

"Asiyeleta mkungu," nilisema, "majembe hayatasimama kwake."

Mkutano ukaguna. Wanawake wengine wakajishika vifua. Ndipo baba akasimama, na kanzu yake nyeupe ya Jumapili.

"Mnajua Kagaruki ni mjukuu wa nani?" aliuliza.

Vijana walicheka. Wazee hawakucheka.

"Babu yake alikuwa mwenye nyarubanja. Ardhi tuliyoilima sisi ilikuwa yake kwa neno la mfalme, na kila mwaka baba yangu alibeba mkungu na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mpaka kwenye ua uleule. Nilifuatana naye. Alitua mkungu akiwa amepiga magoti, akarudi kinyumenyume, asimpe bwana mgongo. Tukapata uhuru, tukaambiwa nyarubanja imekufa. Leo binti yangu ameifufua na kuivika nguo za yatima."

"Waitu, Rutashobya," Kagaruki alisema kwa upole, "mimi sitaonja hata ndizi moja."

"Hata babu yako alisema zinaliwa na wageni."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na Kagaruki mwenyewe akacheka kwa haya. Mimi sikucheka. Nyarubanja nilikuwa nimeisoma shuleni, aya moja, kati ya ukoloni wa Wajerumani na ukoloni wa Waingereza. Nilipochagua ule ua niliona upana wake. Sikuona magoti ya babu yangu pale chini.

Lakini nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu. "Tata, babu hakuulizwa. Wewe umeulizwa."

"Na ninajibu hapana. Wakati wa vita walikuja kuchukua ng'ombe wangu kwa ajili ya jeshi. Sikukataa, nchi ilikuwa imevamiwa. Lakini leo nani ametuvamia? Nikitaka kumlisha mtoto, nitamlisha. Ukinilazimisha, umenipokonya hata ule wema niliokuwa nao."

"Wema wako utabaki nao, Tata. Mtoto anataka ndizi."

"Na hii demokrasia yenu mnayoisikia redioni," akawageukia watu wote, "wengi wakinyoosha mikono kwamba nivuliwe kanzu, nivuliwe?"

"Kama ni ya kumfunika mtoto aliye uchi," nilisema, "ndiyo, Tata. Uvuliwe."

Binti haongei hivyo na baba yake mbele ya watu. Kagaruki akaita kura haraka, kama mtu anayefunika chungu kinachotaka kumwagika. Mikono ikanyooshwa, mingi. Wa baba ulibaki juu ya fimbo yake.

Mikungu ikaja. Wengine walileta mikubwa kwa kujionyesha, wengine vijikungu vya kuaibisha hata mgomba uliovizaa, lakini vyote viliingia chunguni. Limi akaanza kuwa na mashavu. Masalu akajifunza neno la kwanza la Kihaya, na lilikuwa la kuomba aongezewe.

Baba hakuleta. Mwezi wa kwanza, wa pili. Kila Jumapili aliwalisha wake kama kawaida, na mimi nilipakua.

Kisha mwanakijiji mwenzetu mmoja, Clavery, akafiwa na kaka yake. Clavery alikuwa mpika rubisi, maskini, mbishi, na hakuwa ameleta mkungu hata mmoja. Alisema ndizi zake ni za pombe, hazipikiki. Watu wakaniangalia mimi. Nikasema sheria ni sheria. Majembe yakaendelea kulima huku Clavery analia mlangoni, na mtu mmoja tu katika kijiji kizima ndiye aliyekwenda kumsaidia kuchimba. Baba yangu. Alivua kanzu, akaingia kaburini. Kesho yake Clavery alileta mkungu wa kukopa kwa shemeji yake, akautua mbele yangu. Tangu hapo hakuna nyumba iliyochelewa, ila yetu.

Bibi Paskazia alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, kifo cha uzee tu. Alikuwa ameomba chai. Nilipoileta, mkono wake ulikuwa umeshalegea juu ya rozari. Mama yangu, Benigna, akapiga ukunga, ule wa kwetu unaovuka migomba na kushuka bondeni mpaka kijiji cha pili. Tukangoja.

Msiba ukiingia, husikii nyayo kwanza; unasikia majembe yakinyamaza. Tulisikiliza. Mvua ilikatika, jua likatoka, na kutoka shamba la jirani upande wa juu likaja: ko. Kisha la upande wa chini: ko, ko. Walikuwa wakilima. Walikuwa wakilima bibi yangu akiwa amelala ndani.

Mama alinitazama, kisha akatazama chini. Baba alichukua jembe, akatoka, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba, alipozikwa babu.

Alikuja mtu mmoja. Clavery. Alipita karibu yangu, jembe begani.

"Katibu," alisema, "nimekuja kuona kama sheria yako ina macho. Kwa kaka yangu ilikuwa kipofu."

"Ni kipofu bado."

"Tutaona." Akaenda kuchimba na baba.

Mzee Kagaruki akaja mpaka kwenye njia ya kuingilia, akasimama pale bila kukanyaga ua wetu, akaniita kwa mkono. Alikuwa na jasho. "Theopista, mwanangu, watu hawafurahi huko mashambani. Wanalima na hawajui wanalima nini. Kila mmoja, bibi yako alipata kumshikia mtoto wake. Sema neno moja tu. Sema marehemu alikuwa mzee, sheria haimhusu. Nitapita nyumba kwa nyumba, na kabla ya saa sita uani hapa hapatapitika."

"Na kaka yake Clavery?"

"Clavery ni Clavery."

"Basi mwezi ujao nani ataleta mkungu, Mzee? Kila nyumba ina mzee. Kila nyumba ina sababu."

Alifuta uso kwa kiganja. Alijua. Wanakijiji walikuwa wakilima na kusikiliza kwa pamoja. Jembe likisimama kwa ajili ya nyumba ya katibu, chungu cha yatima kingekuwa baridi kabla ya mwezi kuandama, na wale wawili wangerudi kusimama barabarani.

Ningeweza kuupeleka mkungu mwenyewe, utasema. Kwa mkono gani? Binti asiyeolewa hana mgomba katika kibanja cha baba yake; nikikata bila ruhusa, nimeiba. Na kununua sokoni kwa mshahara wangu kungekuwa kulipa ili baba asilazimike, yaani kumpa kile nilichomnyima Clavery. Nilijikuta nimesimama katikati ya ua, mlango wa nyumba upande huu, shimo upande ule, na sikuwa na kazi popote. Ndani wanawake walipaswa kuwa wamejaa, mama alikuwa peke yake, akimwosha mama mkwe wake kwa mikono miwili. Nikaingia, nikamshikia beseni.

Nilitoka tena, nikaenda mpaka ukingoni mwa kaburi. Lilikuwa limefika magotini tu. Chini yake palikuwa na mwamba. Kwetu juu huku udongo ni mwembamba, kaburi linataka wanaume wengi wa kupokezana na nondo.

"Tata," nilisema, "ule ua ulikuwa mbaya. Ulisema kweli. Peleka mkungu shuleni. Au niambie pa kupeleka, nitaiambia kamati leo hii."

Hakusimamisha jembe. "Leo unahamisha kwa sababu mama yangu amekufa. Kwa Clavery hukuhamisha."

"Mimi hata sikuulizwa pa kupeleka," alisema Clavery, akitema mate pembeni. "Mimi sina binti aliyesoma."

"Basi utamzikaje Bibi? Padri ataletwa na nani? Jeneza litabebwa na nani?"

"Nitambeba mgongoni. Alinibeba yeye." Akainua uso, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi. "Theopista. Nisikilize. Mtu akikuambia 'toa, la sivyo hutazikwa', huyo hakuombi. Huyo ni bwana. Mimi niliapa nikiwa mdogo, pale uani, nikitazama nyayo za baba yangu kwa nyuma, kwamba sitakuwa na bwana. Hata akiwa na sura ya mwanangu."

"Na mtoto ambaye hakuna anayempenda, Tata? Huyo bwana wake ni nani? Si wewe? Si kila mtu anayeamka na kujiuliza leo moyo wangu unasemaje?"

"Sogea. Unanizibia mwanga."

Nilisogea. Nilikuwa na hoja nyingine tatu, nzuri, zote zikaoza mdomoni. Ko, ko, yalisema majembe ya juu. Ko, likajibu la baba kwenye mwamba.

Sikumwona mama alipotoka. Nilimwona alipokuwa ameshafika barabarani, na juu ya kichwa chake, juu ya kata ya majani makavu, palikuwa na mkungu. Mkungu mkubwa, mbichi, utomvu wake ukimchuruzikia shingoni. Kwetu ndizi za kupika ni za mwanamke wa nyumba. Mwanamume ana za pombe na kahawa. Hakuna aliyekuwa na haki zaidi yake ya kukata ule mkungu, na kwa muda wote huo hakuna aliyekuwa amemwuliza, si baba, si mimi, si mkutano.

Hakupita njia ya uchochoro. Alipita barabara kuu, jua la mchana, nguo zake za msiba, taratibu, ili aonekane. Alipopita shamba la kwanza, jembe la kwanza likanyamaza. Kisha la pili. Nilisimama nikisikiliza ukimya ukimfuata bondeni kama kivuli, shamba kwa shamba, mpaka kijiji chote hakikuwa na sauti isipokuwa jembe moja, la baba. Akapiga. Akapiga tena. Kisha akagundua kwamba anapiga peke yake, akaelewa.

Aliweka jembe chini. Clavery akavua kofia.

Watu wakaja wakikimbia. Walikuja na kuni, na nyasi, na nondo, wanawake wakilia kwa sauti ya watu waliozuiliwa kulia tangu asubuhi. Wanaume walimtoa baba kaburini kwa upole, wakaingia wao. Mama aliporudi, mikono mitupu, baba alikuwa amekaa kwenye kigogo, udongo mpaka kwenye nyusi.

"Umenibebesha mkungu," alimwambia.

"Nimebeba mimi," mama alisema. "Shingo ni yangu, na utomvu huu hapa."

Tulimzika Bibi jioni ile, na katekista, na nyimbo, na watu wasiohesabika. Limi na Masalu walikuwepo. Walipiga magoti mbele ya baba kumpa pole, vizuri kabisa. Wapishi walikuwa wamewafundisha. Baba aliwaangalia, akawapa mkono. Mimi hakunipa.

Hakusema nami siku ile, wala zilizofuata. Nilikuwa namtengea chakula, akala. Namsalimu, akakohoa. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na mlango mmoja, na kituo changu cha kazi ni kata hii; hakuna pa kuukwepa ukimya wa mtu unayekutana naye mlangoni asubuhi na jioni. Nilikuwa nikilala nikitazama kitanda kitupu cha Bibi na kusikiliza baba akijigeuza upande wa pili wa ukuta.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ukaketi. Wanaume kwenye viti, sisi chini kwenye nyasi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyepewa neno, na alilianza kwa asali.

"Theopista, bojo, jambo lenyewe ni dogo. Mama yetu alilala nusu siku watu wanalima. Hilo halijapata kutokea katika ukoo huu, hata wakati wa vita, mabomu yakilia. Hatukulaumu, wewe ni mtoto, na vitabu ni vingi. Piga magoti mbele ya baba yako useme, 'Tata, nisamehe.' Basi. Ataongea nawe, tutakula, kila mtu arudi kwake."

"Maneno mawili tu," mjomba mmoja alinong'ona. "Hata kasuku huweza."

Nje, kwenye ua, walikuwa wamekaa majirani wengi kuliko walioalikwa. Walikuwa wamenyamaza mno kwa watu waliokuja kunywa rubisi. Nilielewa wanangoja nini. Katibu akiomba radhi ndani ya nyumba hii, kabla ya jua kuzama kila kibanja kingekuwa kimesikia kwamba sheria iliombewa radhi, na mtu haleti mkungu kwa sheria iliyoombewa radhi.

Nikamtazama baba. Aliniangalia, kwa mara ya kwanza tangu kaburini. Alitaka nilitamke lile neno. Sio kwa ushindi, nilimjua. Alitaka kunirudia, na hilo neno ndilo daraja pekee alilokuwa nalo. Mama alikuwa akichagua mawe kwenye ungo wa maharage usio na jiwe hata moja.

Nikajongea juu ya nyasi, nikapiga magoti mbele yake kama nilivyofundishwa na yule tuliyemzika hapo nyuma.

"Tata," nilisema, kwa sauti ya kufika uani. "Nimekupigia magoti kwa kuwa wewe ni baba yangu. Bibi nilimpenda, na sauti ya yale majembe nitakufa nayo. Ua wa Kagaruki, kamati tuliupigia kura jana, tukauacha. Kuanzia mwezi huu mikungu itapelekwa shuleni, na hakuna atakayeitua kwa magoti. Hilo ulituonyesha wewe. Lakini mkungu ni wa lazima bado, kwa nyumba hii na kwa kila nyumba, na usipofika, majembe hayatasimama."

"Theopista!" Shangazi alisema. "Radhi, mwanangu. Omba radhi."

"Siombi radhi."